Tela linatikisa mkia nikiongeza mwendo: niongeze springi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfugaji wa samaki wa vizimba upande wa Sengerema. Nina pikapu Hilux ya kebini moja na tela la ekseli moja nililonunua kwa mtu, halina breki. Kila baada ya wiki mbili nafuata chakula cha samaki Mwanza, mifuko 36 ya kilo 25. Yote naipanga katikati ya tela, juu ya ekseli. Nyuma kabisa, kwenye mlango, naweka pipa la petroli la lita 200 na mashine ya boti ya nguvu farasi 40 ikiwa inatoka kwa fundi, maana ndivyo vinavyoshuka kwanza. Mbele naacha wazi. Bodi ya pikapu haibebi kitu, naitunzia rangi. Nikiwa kwenye 50 hakuna tatizo. Nikifika 70, hasa juu ya daraja, tela linaanza kutikisa mkia na kuvuta kitako cha gari huku na huku. Gari halijakaa chini nyuma hata kidogo, kwa hiyo najua mzigo haujazidi. Fundi mmoja kasema niongeze majani mawili ya springi kwenye tela. Mwingine kasema likianza kuyumba nikanyage mafuta, litanyooka lenyewe. Nimsikilize yupi? Vipimo: kutoka kiungio hadi ekseli ni mita 2.7, kutoka ekseli hadi pipa ni mita 1.3. Tairi za tela nilizitoa kwenye gari dogo, zimeandikwa 91. (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usimsikilize hata mmoja. Na ahsante kwa vipimo. Wengi huniandikia "tela linacheza" halafu basi, kama vile nami nilikuwa kwenye kiti cha utingo.

Nianze na hilo la gari kutokaa chini nyuma, maana wewe umelichukua kama habari njema. Tela lililopakiwa sawasawa lazima lilalie gari kidogo. Kama umepakia tani moja na nusu na kitako cha pikapu hakijashuka hata kidole, kuna kitu kinakinyanyua. Tupige hesabu. Tuchukulie tela tupu lina kilo 350, na likiwa tupu linalalia kiungio kwa kilo 50. Mifuko 36 ni kilo 900, lakini iko juu ya ekseli, kwa hiyo kwenye kiungio haiongezi wala haipunguzi. Petroli lita 200 ni kama kilo 150, na pipa lenyewe kilo 20. Mashine ya boti ya 40 ina kilo sabini na kitu, tuseme 75. Pipa na mashine pamoja ni kilo 245, na viko mita 1.3 nyuma ya ekseli. Ni pembea ya watoto ile: ekseli ndiyo jiwe la katikati, wewe umemkalisha mtoto mnene upande wa nyuma. Zidisha 245 kwa 1.3, gawanya kwa 2.7, unapata kilo 118 zinazonyanyua kiungio. Toa zile 50 za tela tupu, zinabaki 68. Yaani kila safari kuna mtu mzima mmoja amejificha chini ya bampa lako anainua pikapu kwa mgongo, na tairi za nyuma za pikapu, ambazo ndizo zinazotakiwa kulishikilia tela lisikupeleke pembeni, zinaikanyaga lami kwa wepesi. Kwa bodi isiyo na mzigo ndiyo kabisa.

Sasa hamisha vitu viwili tu. Pipa na mashine uvipeleke mbele, umbali uleule wa mita 1.3. Zile 118 zinageuka kuwa za kukandamiza; jumlisha 50, kiungio kinabeba kilo 168. Uzito wote wa tela na mzigo ni kama kilo 1,495, kwa hiyo hiyo ni asilimia 11. Sisi tunaovuta tela tunataka kiungio kibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Chini ya hapo linatikisa mkia. Juu sana, linakandamiza kitako cha gari, mbele panakuwa pepesi na usukani hausikii.

Usiniamini kwa hesabu peke yake, pima. Wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba wana mizani ya kukanyaga ya kupimia magunia. Omba dakika tano. Tafuta sakafu iliyonyooka, weka mawe mbele na nyuma ya tairi za tela, lifungue kwenye gari, kisha kilaze kichwa cha tela, pale panapofungwa kwenye gari, juu ya kipande cha mti kilichosimama kwenye mzani, kimo kilekile cha kiungio cha gari. Kimo ukikikosea, kipimo kinadanganya. Kama una mzani mdogo wa kupimia watu, chukua ubao mgumu: ncha moja iegemee tofali, nyingine mzani, na kichwa cha tela kikae kwenye theluthi ya ubao, upande wa tofali. Soma mzani, toa uzito uliokuwa unaonyesha kwa ubao mtupu, zidisha kwa tatu. Na kama kichwa cha tela kinapaa chenyewe ukikifungua, huna haja ya mzani, jibu umeshalipata.

Kwa nini kwenye 50 kunatulia? Tela lolote lina tabia ya kuyumba, ila kwa mwendo mdogo kila yumbo linakufa kabla ya lingine. Mwendo ukizidi kiwango chake, kila yumbo linakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Zamani tatizo hili lingejificha upande wenu: ulifika Kigongo ukakaa foleni ya kivuko, ukashuka Busisi polepole. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, unakata kilomita 3 juu ya maji kwa mwendo wako, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, basi linakupita na kukusukuma. Daraja halina kosa. Linakuonyesha tu ulivyopakia.

Majani ya springi yanasaidia tela lililokaa chini. Lako halijakaa chini, lina mzigo mahali pabaya, na ukilinyanyua zaidi utalifanya liyumbe vizuri zaidi. Hifadhi hela hiyo.

La kukanyaga mafuta naomba lifutike kabisa. Nilipokuwa tanboi nililiona kwa macho yangu: dereva alikanyaga, tela likanyooka kweli, sekunde mbili hivi. Halafu tukawa kwenye mwendo mkubwa zaidi na tela lilelile. Tulilikuta limelala kwenye mtaro na sisi tumeangalia tulikotoka. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, wala usilifukuze tela kushoto na kulia, maana mikono yako daima inachelewa nusu hatua. Breki ya gari usiikanyage ghafla, kwa sababu gari litapungua na tela litaendelea kusukuma. Mwendo ukishuka litatulia lenyewe. Simama pembeni, upange mzigo upya hapohapo, si ukifika.

Ila hata ukihamisha pipa, ndugu yangu, bado nina shaka na safari yako, na hapa ndipo fundi wako wa springi angekuuliza kama angekuwa makini. Tela halina breki. Ulaya tela linalozidi kilo 750 pamoja na mzigo haliruhusiwi bila breki zake. Lako ni mara mbili ya hapo. Breki za pikapu zinasimamisha gari na tela, na kutoka 50 kwenda 70 kazi yake inakaribia kuwa mara mbili, si kuongezeka asilimia 40 tu kama unavyodhani. Halafu tairi. Hiyo 91 ni namba ya uzito: kilo 615 kwa tairi moja, ikiwa nzima na imejazwa upepo kamili. Kwa unavyopakia sasa, kila moja inabeba kama 780. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ubavuni. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya umri huo hata ikiwa na meno sitaki kuiona kwenye tela.

Dawa unayo bure: ile bodi unayoitunzia rangi. Pakia mifuko 20 kwenye pikapu, isukume mpaka ibane kebini. Hizo ni kilo 500. Mifuko 16 iende kwenye tela, na katikati ya rundo lake iwe shubiri moja mbele ya ekseli, si juu yake. Tela na mzigo ni kilo 750 kamili, kiungio kinabeba kama 80, na kila tairi haifiki hata 340. Mashine ya boti ilaze kwenye bodi, uifunge. Ukijumlisha wewe, utingo na zile 80 za kiungio, pikapu imebeba kama kilo 800. Linganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako kabla hujaondoka. Petroli nunua Sengerema. Pipa la petroli kwenye tela lisilo na breki sitakufundisha kulifunga vizuri.

Ukitaka kuendelea kuvuta tani moja na nusu kila mara, tafuta tela lenye breki zake, uweke tairi za kazi, na kiungio kifungwe kwa bolti kwenye chesisi. Kama chako kimechomelewa kwenye bampa, na vya mitaani vingi viko hivyo, hakitakupa taarifa siku kitakapong'oka. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya shingo ya tela, ili kiungio kikichomoka shingo idondokee kwenye minyororo badala ya kuchimba lami.

Safari ya kwanza usizidi 60. Ukifika Usagara, kabla ya daraja, simama, gusa kila habu ya tela (kitovu cha gurudumu) kwa nyuma ya kiganja. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza, beringi imeisha, na hapo usivuke.