Tezi ya machozi haisukumi maji, inasukuma chumvi

Mkuu uliyeuliza tezi ya machozi inasukumaje maji, na kwa nini machozi yana potasiamu nyingi kuliko damu: seli haina pampu ya maji. Kinachosukumwa ni ioni (chembe za chumvi zenye chaji), maji yanafuata.

Anzia upande wa seli unaotazama damu. Pampu iliyopo hapo, kwa kila ATP moja (molekuli inayobeba nishati ya seli), inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Sodiamu ya nje inataka kurudi ndani, lakini kisafirishi NKCC1 hakiipitishi peke yake: ni sodiamu 1, potasiamu 1 na kloridi 2, zote kwa mkupuo. Kwa hiyo kloridi inarundikana ndani ya seli ikisubiri mlango.

Neva ikimwaga asetilikolini (kemikali yake ya kupeleka ujumbe), kipokezi chake kwenye seli, M3, kinaamsha IP3, mjumbe wa ndani ya seli, na kalsiamu inatoka kwenye ghala lake ndani ya seli. Inafungua milango ya kloridi upande wa kijifereji (kule machozi yanakomiminwa), na ya potasiamu upande wa damu. Hiyo ya pili wengi wanairuka, na ndiyo yenye siri. Kloridi ina chaji hasi. Ikitoka tu bila potasiamu nayo kutoka, uhasi wa ndani unaoisukuma unaisha na mtiririko unasimama.

Sodiamu ya machozi haipiti ndani ya seli. Inavutwa na uhasi wa kijifereji na kupenya kwenye maungio kati ya seli na seli. Maji yanafuata kwa osmosisi. Akwaporini 5, protini iliyo mlango wa maji, ipo, ila msiikuze: panya waliozaliwa bila hiyo walitoa machozi kama kawaida, ingawa mate yao yalipungua sana.

Potasiamu je? Seli za mifereji zinaiongeza njiani, ndiyo maana machozi yana takribani milimoli 20 kwa lita, damu 4 hivi. Mifereji ya mate hunyonya chumvi na kuirudisha mwilini. Ya machozi haifanyi hivyo, kwa hiyo ukolezi wake wa jumla unakaribia wa damu.

Atropini na dawa za zamani za mzio huziba M3, macho yanakauka. Pilokarpini hufanya kinyume chake. Maabarani, dawa ya bumetanidi ikizuia NKCC1 majimaji yanapungua bila kukatika, maana kloridi huingia pia kwa kubadilishana na bikaboneti. Njia zote mbili zinategemea sodiamu kutolewa nje, hivyo sumu ya ouabaini ikizima pampu ya sodiamu, zote zinakwama.