Kwa nini Mkristo alee mtoto wa mwingine?

Ndugu, umeuliza kama Wakristo wanawatunza yatima kwa sababu ya thawabu tu. Kwangu thawabu haiwezi kuwa ndiyo mzizi. Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi ni "kwenda kutazama yatima na wajane katika dhiki yao". Angalia hilo neno kwenda: hakusema kutuma mchango. Hata Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24, ilimwambia mkulima akisahau mganda shambani asirudi kuuchukua, ni wa mgeni, yatima na mjane, na sababu iliyotolewa ni kwamba Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Yaani umehurumiwa, nawe hurumia. Paulo naye anaita wokovu "kufanywa wana", kwa hiyo kila aaminiye ni mtoto wa kupokelewa.

Mfano ni mhubiri George Müller: alifungua nyumba ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na hadi anafariki 1898 watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wamelelewa katika nyumba zake. Alisema wazi kwamba hasa alitaka watu waone kwamba Mungu husikia maombi. Lakini watoto walikula, wakavaa, wakasoma, na hilo kwangu lina uzito sana.