Unaanza ushonaji? Anza na cherehani inayojua mshono mmoja

Wadogo zangu wanaoanza ushonaji huniuliza wanunue cherehani gani, na wengi wanakuja wameshaipenda ile ya umeme, nyeupe, nyepesi, yenye mishono thelathini na kitu. Nawaelewa kabisa, kwa sababu hata mimi niliinunua. Ilikuwa Desemba, nimepokea oda ya sare za shule, na shule zinafunguliwa Januari.

Suruali ya kwanza ya kaki ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye msamba. Pale mishono inapokutana kitambaa kinakuwa tabaka nne na zaidi. Mashine ikaguna, sindano ikakatika. Nikaweka nene zaidi, namba 16. Hiyo ikapenya, lakini mshono ukawa unaruka. Usiku ule nikaifunua cherehani ya miguu ya marehemu mama, chuma kitupu, isiyojua kitu zaidi ya mshono ulionyooka. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, ikapita. Oda yote niliimalizia hapo, hata umeme ulipokatika.

Sababu utaiona ukitazama bamba lililo chini ya sindano. Kwenye mashine yenye zigzagi tundu lake ni pana, maana sindano lazima iyumbe kushoto na kulia. Ukianza kushona shifoni, kile kitambaa chepesi kinachoteleza, kinazama mle ndani na kukunjamana. Kwenye cherehani ya mshono mmoja tundu ni duara dogo, kubwa kidogo tu kuliko sindano. Kitambaa kimeshikwa pande zote, hakina pa kuzama. Mhimili wa sindano, yaani kile chuma kinachoishika, nao unapanda na kushuka, basi. Hauna kiungo cha kuuyumbisha, kwa hiyo vya kulegea ni vichache. Hata viwandani mashine ya mshono ulionyooka inafanya kazi hiyo peke yake, na matundu ya vifungo yana mashine yake.

Fulana na vitambaa vya kuvutika ni habari nyingine. Hivyo vinataka zigzagi au ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, kwa sababu mshono ulionyooka hukatika ukivutwa. Ile nyeupe yangu bado ninayo kwa kazi hizo, na inazifanya vizuri. Ninachokuomba ni usianze nayo, hasa kama mtaji wako ni wa mashine moja.

Ukienda kununua ya mtumba, rangi iliyochubuka isikutishe. Beba karatasi. Toa uzi, pitisha karatasi chini ya sindano kama unayeshona, kisha iinue kwenye mwanga. Matundu yakiwa kwenye mstari mmoja na yameachana sawasawa, mhimili ni mzima na meno yanayosukuma kitambaa bado yanauma. Yakipinda, badilisha sindano kwanza ujaribu tena. Yakiendelea kupinda, iache. Halafu shona kitambaa, uzi mweusi juu na mweupe chini. Vinundu vyeusi vikitokeza kwa chini, mara nyingi ni uzi wa juu uliolegea, jambo la kukaza skrubu ya uzi huo tu.

Ukiifikisha nyumbani itie mafuta ya cherehani, siyo ya kupikia, maana hayo yanaganda na kunata. Tone moja kila kitundu cha mafuta, kisha shona kipande cha kanga kuukuu mpaka mafuta yaache kuchafua kitambaa, ndipo uguse nguo ya mteja.