Anatafuta nini kwenye kinyesi cha nguruwe?

Ndugu, umeuliza kwa nini mtaalamu wa virusi ashinde na kinyesi cha nguruwe na ndama wakati wagonjwa ni watu. Ni kwa sababu baadhi ya virusi vinavyotuletea maradhi sisi vinaishi humo humo.

Chukua homa ya ini aina ya E. Mwaka 1997 watafiti Marekani walitangaza kwamba nguruwe wana kirusi chao kinachofanana mno na cha binadamu. Nguruwe huambukizwa angali mdogo, na hapo ndipo penye hatari: anakula, ananenepa, haonyeshi dalili yoyote. Mpaka upime kinyesi au damu. Ini lake likiliwa bila kuiva sawasawa, kirusi kinahamia kwa mlaji. Japani, mwaka 2003, watu waliugua baada ya kula nyama mbichi ya kulungu. Kipande kilichobaki kwenye friza kilipopimwa, kirusi kilikuwa kile kile cha wagonjwa. Mimi nikisoma hilo sikugusa tena ini lenye damu damu.

Ila usiwalaumu wanyama kwa kila kitu. Kirusi hicho cha homa ya ini E kimegawanywa katika makundi ya kijenetiki; ya 1 na 2 ni ya binadamu tu, husambazwa hasa na maji machafu, na huua wajawazito wengi.

Kuhusu kuhara: virusi vya rota vilionekana kwa ndama kabla ya kugunduliwa kwa watoto mwaka 1973, na mojawapo ya chanjo za watoto imetengenezwa kutokana na kirusi cha ng'ombe.