Jangwa kwenye leso: jibu kwa dada wa Kisauni

Dadangu, umeuliza utachoraje mkusanyo wa vitambaa vya sura ya jangwa na wewe uko Kisauni, nauli ya Marsabit huna. Mimi nachorea leso na vitenge wenye maduka wa Mtaa wa Biashara, na jangwa nimelichora sana. Cha kwanza: achana na ngamia. Na jua linalozama pia. Hivyo ni vya fulana za watalii, mama wa Mombasa havifungi kiunoni.

Anza na rangi. Wengi wakisikia jangwa huwaza mchanga wa manjano tu, lakini huko Marsabit, Chalbi ni ziwa lililokauka, chini kweupe kwa chumvi, na jangwa la Dida Galgalu ni mawe meusi ya volkano mpaka macho yachoke. Nyeupe, nyeusi, na kijani kidogo cha mikoma ya Kalacha, chemchemi ya ukingoni mwa Chalbi: leso hiyo tayari. Tena rangi tatu ni nafuu, maana kwenye uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake, na kila skrini unailipia. Rangi ya mchanga mtupu iogope. Mezani inapendeza, ila mtu akiivaa ataulizwa mbona leso yake imepauka. Kama huna budi, izungushie nyeusi.

Mpangilio ndio kazi yenyewe. Leso ina pindo la kuizunguka, mji ndio uwanja wa katikati, na jina ndiyo maneno yaliyoandikwa, na yote yaenee kwenye pande la kama sentimita 150 kwa 110. Usijaze mji! Uwazi wa jangwa uweke hapo, na umbo moja tu katikati. Ufundi wako upeleke kwenye pindo: mistari ya upepo juu ya mchanga, miiba ya mgunga, alama za kwato. Leso ikishafungwa, mji hukunjamana. Pindo la chini ndilo linalotembea barabarani.

Kitenge ni habari nyingine, mchoro unajirudia jora zima. Mawimbi ya mchanga yanayolala kwa upana yatakusumbua. Yasipokutana sawasawa kwenye maungio utaona mkanda umekata kitambaa, na gauni likishonwa kila mtu ataonekana mpana. Nyufa za tope lililokauka ni bora zaidi. Hazina juu wala chini, kwa hivyo zinaficha maungio, na fundi anakata upande wowote bila kupoteza kitambaa.

Nauli? Nenda Marafa, bara ya Malindi, Wagiriama wanapaita Nyari. Si jangwa, ni korongo la mawe ya mchanga lililoliwa na mvua na upepo, lakini matabaka yake meupe, ya waridi, ya chungwa na mekundu yamekupangia mkusanyo mzima. Enda alasiri. Beba rangi za maji uchanganye hapohapo, picha za simu hazisemi kweli kuhusu wekundu.

Jina la leso lisitaje jangwa. Mteja ananunua maneno ya kumrushia jirani au kumsifu mamake, mchoro uwe mzuri vipi.

Na kabla hujalipia jora, chapisha kipande, kifue kwa sabuni ya kipande, kianike juani. Nyeusi ikichujia kwenye nyeupe, mchapaji hakukaza rangi vizuri. Mrudishie, na akikwambia pamba ndivyo ilivyo, tafuta mchapaji mwingine.