Modeli yako imemjua mtu au imekijua chumba?

Wadogo zangu, nimepitia matokeo yenu ya kutambua watu kwa mwendo wao kupitia mawimbi ya WiFi na karibu kila mmoja ana 99%, nimeona mnavyofurahi, na kwa sababu nawapenda siwezi kunyamaza. WifiU ya 2016, ule utafiti wa kutambua mwendo kwa WiFi ambao wote mmeusoma, ilipima watu 50 kwenye chumba cha mita za mraba 50 na jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi kwa 79.28%. Nyie mna ESP32 mbili, vile vibao vidogo vya WiFi, na watu 8. Sawa, watu wachache wanarahisisha kazi, ila bado kuna kitu kimevuja hapo, na nadhani nakijua maana sisi kilishatuumiza.

1. Kasi ya pakiti. Acheni kutegemea bikoni za ruta, yaani pakiti ambazo ruta hujitangazia, zile zinatoka kama 10 tu kwa sekunde! Kwa 2.4 GHz ya ESP32 zenu urefu wa wimbi ni kama sentimita 12, mtu akitembea mita 1 kwa sekunde Dopla ya kiwiliwili, yaani mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo wake, inafika kama Hz 16, na mguu unaporushwa mbele unakwenda kasi kuliko kiwiliwili, na huo mguu ndio tunaoutafuta. Tumeni pakiti mia kadhaa kwa sekunde, mkishindwa hapo msiendelee.

2. Fezi ghafi, yaani wimbi limefika kwenye hatua gani ya mzunguko wake, haitumiki, saa za mtumaji na mpokeaji haziendi sawa. Na ile mbinu ya kugawanya antena moja kwa nyingine mliyoikuta kwenye kazi za kadi ya WiFi ya Intel 5300 inataka antena mbili za kupokea kwenye kadi moja, ESP32 ya kawaida inapokea kwa antena moja, kwa hiyo msikopi kodi tu, bakini na amplitudi, yaani ukubwa wa wimbi.

3. Namna ya kurekodi. Hapa nitakaa kidogo.

Sisi tulikuwa tunarekodi mtu akipatikana. Leo mlinzi katoka zamu ya usiku, tunamwomba atembee dakika kadhaa kabla hajaenda kulala, kesho mwanafunzi ana nafasi kati ya vipindi, keshokutwa mtu mwingine. Kila mtu na siku yake. Tukakata rekodi vipande vya sekunde mbili mbili, tukavichanganya vyote, sehemu tukatreinia na sehemu tukapimia, na modeli ikatoa 90 na kitu. Tukaandika muhtasari wa utafiti kwa ajili ya mkutano wa kisayansi, tukautuma, tukamwita mkuu wa idara aje aone.

Kabla hajaja, kijana mmoja akawa anajaribu mitambo, akawasha mpokeaji na kutoka nje kuchukua chaji. Chumba kitupu kabisa, pangaboi limezimwa, hakuna hata paka. Kwenye skrini modeli ikaandika mtu namba 4, na haikuyumba, kipande baada ya kipande, mtu namba 4, mtu namba 4. Tukadhani ni bagi kwenye programu. Tukakagua lebo, tukatreini upya, jibu lilelile. Mpaka mmoja wetu akafungua daftari la rekodi akakuta kwamba siku ya namba 4 viti vya plastiki vilikuwa vimeazimwa kwa ajili ya mahafali, na wakati huo tunahangaika viti vilikuwa vimeazimwa tena. Yaani modeli ilikuwa inatambua chumba kisicho na viti! Na wengine hivyohivyo, kabati lilivyokaa siku ile, mlango ulivyokuwa, ruta ilivyosogezwa kidogo na mfagiaji. Mwendo wa binadamu haikuwahi kuuhitaji.

Muhtasari tukauondoa. Kilichoniuma zaidi ni kwenda kuwaomba wale watu warudi. Mlinzi alirudi, akasimama mlangoni na viatu vyake vya kazi akauliza, "Kwani mara ya kwanza nilitembea vibaya?" Mzee hakukosea hata hatua moja, sisi ndio tuliopoteza usingizi wake.

Kwa hiyo: kila mtu arekodiwe siku tofauti tofauti, kila siku iwe na watu kadhaa, na siku mnazopimia zisiwe zimetumika kutreini. Vipande vya tembea moja visigawanywe, vingine kutreinia na vingine kupimia. Rekodi chumba kitupu kila siku, modeli ikikipa jina la mtu simameni hapohapo. Asilimia itashuka, iacheni ishuke.

4. Mgeni. Kutambua nani kati ya watu 8 si uthibitishaji, mlango halisi utasogelewa na mtu wa tisa ambaye hamjawahi kumrekodi na mfumo lazima uweze kumkataa. Leteni FAR (wageni wangapi wamekubaliwa kimakosa) na FRR (wenyeji wangapi wamekataliwa kimakosa), na watu ambao modeli haijawahi kuwaona. Mtu huyohuyo pia avae ndala siku moja, siku nyingine abebe begi, maana hivyo ndivyo watu wanavyokuja kazini.

5. Fungeni chaneli ya ruta. Umeme ukikatika ukarudi, ruta inaweza kujichagulia nyingine na nusu ya data yenu ikawa ya chaneli 1 na nusu ya 11. Na pangaboi lizimwe, najua joto, vumilieni.

6. Ridhaa. Hii msiifanye ya mwisho kwa sababu nimeiandika mwisho. Kamera mtu anaiona, WiFi haioni, na inapita ukutani, kwa hiyo anayepita korido anaweza kuingia kwenye data yenu bila kujua. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na mwendo unaomtambulisha mtu uchukulieni kuwa taarifa nyeti kama alama za vidole. Wekeni tangazo mlangoni na koridoni, mweleze mtu kwa Kiswahili cha kawaida mnachochukua, namba badala ya jina, na orodha ya majina ikae mbali na CSI, yaani zile data za mawimbi mlizorekodi. Mtu akisema futeni data yangu, mnafuta siku hiyohiyo, pamoja na zile nakala zilizoko kwenye leptop zenu na kwenye flashi.