Uchovu baada ya kemo: kulala kutwa hakuumalizi

Ndugu, mpe mama pole, na hongera kwa kumaliza dripu zote za kemo, yaani dawa za kuua saratani. Umeuliza kwa nini miezi 2 imepita, analala mchana kutwa na bado hana nguvu hata za kuchambua mchele. Huo si uvivu. Uchovu wa matibabu ya saratani huweza kukaa miezi mingi, kwa wengine hata zaidi ya mwaka, na usingizi peke yake hauuondoi.

Kwanza apimwe wingi wa damu, maana kemo huudhoofisha uboho unaotengeneza damu. Kama alipigwa mionzi shingoni, apimwe na tezi ya thairoidi. Maumivu, kukosa usingizi usiku na huzuni navyo daktari aambiwe, kila kimoja kina tiba yake. Tafadhali msimnunulie vidonge vya madini ya chuma kabla ya kipimo: damu huweza kupungua wakati chuma mwilini kipo cha kutosha. Rozela ni kinywaji kizuri tu, isishike nafasi ya kipimo.

Halafu atembee. Hapa familia nyingi hukosea kwa mapenzi: mgonjwa anakatazwa hata kuinua kikombe, misuli inanywea, na kazi ndogo inazidi kumlemea. Aanze dakika 5 asubuhi na 5 jioni, kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Nyayo zikiwa na ganzi, avae viatu vya kufunika, si ndala. Aongeze dakika 1 au 2 kila baada ya siku chache. Akiamka hoi kuliko jana, amezidisha, apunguze, asiache. (Kama saratani imefika mifupani, daktari aulizwe kwanza.)

Mjihadhari sana na siku ya nafuu. Anafua, anapika, anakwenda sokoni, kisha siku 2 hainuki.

Mchana alale dakika 20 hadi 30, kabla ya saa 9 alasiri, vinginevyo usiku atakesha. Kwa wiki 1 aandike nguvu zake, 0 hadi 10, asubuhi, mchana na jioni. Saa yake nzuri itaonekana, na kuoga kuwekwe hapo, ameketi kwenye kiti cha plastiki.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, pumzi kukata akiwa amekaa, moyo kwenda mbio, kuvuja damu au mguu mmoja kuvimba: hospitali siku hiyohiyo, msingoje tarehe ya kliniki.

Na wageni wanaokuja kumjulia hali, wapokeeni nyinyi. Robo saa inamtosha.